Q Iliyovaa Nguo za Theta

Jumatatu, 3 Machi

Shangazi ameleta kitabu. Hatimaye. Miaka tisa ya kuandika, na kimekuja ndani ya flashi ndogo kuliko kidole changu, imefungwa kwenye leso kama jino la mtoto. Hakutaka kuiacha ofisini. "Nakili hapa hapa nikiona," akasema, "humo mna na maksi za wanafunzi wangu." Nikanakili. Flashi ikarudi kwenye leso, leso kwenye pochi, pochi kwapani.

Hisabati ya sekondari, kurasa 214, Kiswahili kitupu. Mimi ndiye niliyemshawishi Meneja tukichape. Wiki mbili nilimzungukia mezani kwake mpaka akakubali, nadhani ili niondoke tu. Kwa hiyo kikiharibika kimeharibikia mikononi mwangu. Nakala tano zinatakiwa kwa wakaguzi wa vitabu vya shule Ijumaa ya tarehe 14, kabla ya saa kumi jioni. Wakaguzi hupokea vitabu mara moja kila miaka minne, na ni vya walimu walio kazini tu. Shangazi anastaafu mwakani. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Nimeanza kama tunavyoanza na kila mswada: kuuvua nguo. Waandishi wanapenda mapambo — vichwa vya zambarau, fonti nne kwenye ukurasa mmoja, mistari chini ya kila kitu. Sisi tunavua yote, tunabaki na maneno matupu, ndipo tunayavalisha fonti yetu. Mkono wangu unaifanya kazi hiyo bila kuniuliza. Nikavua. Nikahifadhi. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nikaanza kusoma sura ya tisa. "Chukua pembe q." Saini ya q. Kosaini ya q. Asubuhi, mbele ya Shangazi, palikuwa na theta pale. Niliiona kwa macho yangu.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeelewa kilichotokea, na ingawa kimenitia matatani, nimekipenda.

Kompyuta haijui theta. Haijui hata a. Inajua namba tu. Kila herufi kwake ni namba, nayo huichukua namba hiyo na kwenda kwa fonti kama mtu anayekwenda dirishani na tiketi yake: nipe picha ya 97. Fonti inatoa picha ya a. Ya 113 ni q. Theta ya Kigiriki ina namba yake yenyewe, 952, haigombaniwi na mtu. Lakini kompyuta ya Shangazi ni kongwe, na alifundishwa kuitumia na mtu aliyejifunza zamani zaidi. Anatumia fonti ya alama. Kwenye fonti hiyo, dirisha la 113 halina q. Limechorwa theta. Dirisha la p lina pai. La a lina alfa, la b lina beta. Miaka tisa Shangazi amebonyeza q, akaona theta, akaridhika. Ilikuwa q iliyovaa nguo za theta. Mimi ndiye niliyeivua hadharani.

Nilimpigia wakati wa mapumziko yao ya shule. Nikauliza tu, kwa sauti ya mtu asiye na shida, theta zake alizipata wapi.

"Kwenye kompyuta," akasema. "Kwani wewe huwa unazipata sokoni?"

Nikamweleza habari ya namba. Akasema kwa hiyo kompyuta imemdanganya miaka tisa, na yeye akiipangusa vumbi kila Jumamosi. Nikasema tatizo ni fonti zake, kuchanganya fonti mbili mbili ndiko kunakoleta vurugu. Labda nilisema kwa ukali. Huwa nakuwa mkali ninapoogopa. "Nimekusikia, mwanangu," akasema, na kengele yao ikalia.

Ningeweza kumwomba flashi tena. Ile ina theta zake bado zimevaa. Lakini kuomba flashi ni kusema nimehifadhi juu ya nakala yangu ya pekee, siku ya kwanza, kabla ya chai. Mimi. Niliyemzungukia Meneja wiki mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki.

Kiswahili hakina q. Hakuna neno hata moja. Tuna k, tuna kw, hatuna q. Kwa hiyo katika kitabu cha Kiswahili kitupu, kila q iliyomo ni theta iliyovuliwa. Mwingereza akipatwa na haya atalia wiki nzima. Mimi nimeiambia programu itafute q, iweke 952, ibadilishe zote. Imechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. "Mabadiliko 2,316 yamefanyika." Nilikaa nikiitazama ile sentensi. Nikaenda kwenye ngazi za nyuma, ambako hakuna mtu, nikacheza kidogo.

Pai ilitaka akili zaidi, kwa sababu p wako kila mahali — pembe, pia, pale. Lakini pai haizururi peke yake. Inatembea na r: 2pr, mzingo wa duara, pr mbili juu, eneo. Nikatafuta "2pr", nikaweka 2πr, zote, na za eneo vivyo hivyo. Alfa na beta zimo kwenye sura moja tu, nimeziweka kwa mkono.

Meneja amepita nyuma yangu. Akauliza kama kitabu cha Shangazi kinakwenda. Nikasema kinakwenda chenyewe. Akasema hapendi vitu vinavyokwenda vyenyewe. Ana roho ya breki, yule mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi siku nzima. Michoro imeingia, majedwali yamekaa, namba za kurasa ziko sawa. Nimempelekea Mama Koma, msoma prufu wetu, sura nane za kwanza. Hilo ni jina tulilompa sisi. Analijua, anajifanya halijui. Kurasa zinapendeza. Nimezitazama kama mtu anayetazama nguo zake kwenye kamba zikipepea.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Koma alikuja saa tano na ukurasa wa 141, ameushika kwa vidole viwili.

"Mimi hisabati ilinishinda tangu kwenye sehemu," akasema. "Ila naomba kuuliza. Hapa inasema: ikiwa p ni kweli na theta si kweli. Hawa wanajuana? Nilipokuwa shule p alikuwa anatembea na q."

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Sura ya saba, hoja za mantiki: p na q, p au q, ikiwa p basi q. Zote sasa ni p na theta. Ukurasa unaofuata, namba zinazoweza kuandikwa kama p juu ya q: p juu ya theta. Kiswahili hakina q, sawa. Hisabati inazo tele. Nilisahau kwamba kitabu kimeandikwa kwa lugha mbili.

Nikakimbilia sura ya kumi na moja. Pembetatu yenye pande p, q na r, na pembe ya theta ndani yake. Hapo q za kweli na q za uongo zilikuwa zinaishi nyumba moja, sasa zote ni theta. Na ukurasa wa 168, kanuni ya kosaini, ambapo palitakiwa kuwa na 2pr, mara mbili ya upande p mara upande r — pai. Nimeingiza mzingo wa duara katikati ya pembetatu. Mwanafunzi atakayekokotoa hivyo atapata shamba la pembetatu lenye kona ya mviringo.

Sikuweza kurudi nyuma. Faili nimelifunga na kulifungua mara ishirini tangu Jumatano.

Mama Koma bado alikuwa amesimama. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaniachia nusu ya mkate wake, akaenda bila kuuliza la pili. Yule mama ana adabu kubwa kuliko kalamu yake nyekundu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekaa chumbani na kurasa za sura ya kumi na moja, nikijaribu kuzitengeneza mwenyewe. Theta hii ni upande, hii ni pembe, hii upande. Baada ya saa tatu: kurasa sita. Na kwenye mbili kati ya hizo sina hakika. Ni lazima ujue alichokuwa anafikiri aliyeandika.

Najua dawa. Flashi. Ndani ya flashi kila theta bado imevaa, na ningeweza kutafuta q zilizovaa fonti ya alama peke yake, nikaacha q za kawaida. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Saa moja ya kazi.

Na katikati ya mimi na flashi yuko Shangazi, ambaye nasikia ameshawatangazia walimu wenzake wote kwamba kitabu chake kiko mikononi mwa binti wa kaka yake, na kwamba binti huyo hakosei.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda mchana. Nilimkuta anasahihisha madaftari barazani, miguu kwenye beseni la maji. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yote yakanitoka kichwani.

"Una uso wa mwanafunzi aliyeacha kazi ya nyumbani," akasema. "Kaa."

Nikasema, Shangazi, naomba flashi.

Sasa ikawa zamu yake. Akaweka kalamu. Akatoa mguu mmoja majini, akaurudisha. Akasema flashi ipo, ila kuna jambo. Siku ile niliyomwambia habari za fonti mbili mbili, alikosa raha. Akaona si vizuri kunitwisha mzigo wa makosa yake. Basi alipotoka shule akafungua kitabu humo kwenye flashi, nakala yake pekee, akakichagua chote tangu mwanzo mpaka mwisho, akakipa fonti moja, safi.

"Ile theta ikawa q," nikasema.

"Zikawa q zote. Moyo ulinipasuka. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kuhifadhi, na mimi nimelelewa kujibu ndiyo nikiulizwa vizuri." Halafu uso ukamng'aa. "Lakini usiwe na wasiwasi, nimeshalitatua. Nilikuwa nimelala kitandani likanijia. Unajua Kiswahili hakina q?"

Nilifunika uso kwa mikono.

"Usilie, nimekwambia nimelitatua. Nimeiambia itafute q zote, iweke theta —"

"Shangazi."

"— kwa mpigo mmoja. Elfu mbili na mia tatu na —"

"Na kumi na sita," nikasema.

Tulitazamana. Nikamwambia yote, tangu chai ya Jumatatu mpaka pai ndani ya pembetatu. Alisikiliza bila kunikatiza, kwa uso wake wa darasani, ule ambao huwezi kujua kama utapata sifuri au peremende. Nilipofika kwenye kanuni ya kosaini mabega yakaanza kumtikisika. Kisha beseni likamwagika. Tulicheka mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini, na Shangazi akamjibu kuna hisabati.

Baadaye tulipokuwa tunakausha sakafu akasema, bila kunitazama, "Kwa nini hukunipigia Jumatatu?"

Nikasema, "Kwa nini wewe hukunipigia Jumanne?"

Akasema huo ni ukoo. Babu yako, akasema, aliwahi kutengeneza paa peke yake kwa sababu hakutaka kuomba ngazi. Nilimuuliza alipanda na nini. "Ndiyo maana alikuwa anachechemea," akasema.

Hana nakala ya karatasi. Printa ya shule ilikufa tangu kitabu kikiwa na sura tatu. Kwa hiyo hakuna tena mahali popote duniani ambapo q na theta zimetenganishwa, isipokuwa ndani ya kichwa chake.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimwambia Meneja kabla hajakaa. Nilisema yote kwa pumzi moja. Aliuliza swali moja tu: wakaguzi wanafunga saa ngapi Ijumaa. Nikasema saa kumi. "Si saa kumi na dakika tano," akasema, na kwa Meneja huo ni msamaha.

Shangazi amebadilishana vipindi na mwenzake wiki nzima. Amefika na mto wa kukalia, chupa ya chai na miwani miwili. Mpango ni huu: yeye anasoma kwa sauti, kila anapofika kwenye alama anaita, na mimi nabonyeza. Nimetenga kitufe kimoja kwa theta, kinaandika 952 halisi, ile ambayo hata ukiivua nguo inabaki theta. Kabla ya kuanza ukurasa wa kwanza tumejaribu mstari mmoja wa sura ya kumi na moja.

"Mraba wa p ni sawa na mraba wa kyuu, kyuu huyo ni upande, jumlisha mraba wa r, toa mbili kyuu r, bado upande, kosaini ya theta, sasa ndiyo theta."

Anasoma kana kwamba kuna watoto hamsini mbele yake. Kufikia mchana ofisi nzima ilikuwa inaitikia. Akisema kyuu, Mama Koma anajibu "upande!" kutoka chumba cha pili. Fundi wa mashine, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno matatu mfululizo, amekuja kuuliza theta ni nini hasa. Shangazi akampa somo la dakika kumi kwenye kipande cha katoni. Ameondoka na katoni yake.

Kurasa 46 leo.

Jumanne, 11 Machi

Tumegombana.

Ukurasa wa 88. Shangazi akasema mfano ule hautoshi, anataka kuongeza mwingine. Nikasema hapana, ukurasa utasukumwa, michoro itahama, tutaanza upya. Akasema ni mistari minne. Nikasema, Shangazi, mwandishi hapangi kurasa.

"Na mpangaji kurasa haandiki hisabati," akasema. "Ila wewe umeandika. Kanuni mpya kabisa ya kosaini."

Alisema kwa utani. Najua. Lakini niliinuka nikaenda kwenye ngazi za nyuma, nikakaa. Nilijiuliza kwa nini utani mdogo umechoma hivyo. Nadhani kwa sababu miaka yote nimejengwa juu ya jambo moja: yule hakosei. Shuleni, nyumbani, hapa. Watu wakinitazama wanaona hivyo, nami nimewaacha waone. Sijawahi kukaa kufikiri chini ya hapo kuna nini.

Alikuja akakaa ngazi moja juu yangu, akinipa mgongo nusu. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Akasema mfano wa ukurasa wa 88 kweli unatosha. Nikasema mistari miwili naweza kuiingiza. Akasema mitatu. Tumeingiza mitatu.

Ukurasa wa 103.

Jumatano, 12 Machi

Theta zetu zina sura ya wageni. Mama Koma ndiye aliyeona kwanza: nyembamba, zimesimama juu kidogo ya mstari, kama watu waliokuja harusini wakidhani ni kikao. Nikachunguza. Fonti ya vitabu vyetu haina picha ya 952. Aliyeichora hakudhani tutaihitaji. Sasa kompyuta ikifika dirishani ikakuta hakuna kitu, haikwambii. Inakwenda kimya kimya kwa fonti ya jirani, inaazima theta, inairudisha kwenye skrini kana kwamba ni yake.

Shangazi amefurahi kupita kiasi. "Na hiyo nayo haisemi! Inaazima usiku kwa jirani." Ameitazama kompyuta yangu kwa mapenzi tangu hapo. Anasema ni mtu wa kwetu.

Nimepata toleo jingine la fonti yetu, la familia ile ile, lenye herufi za Kigiriki zake zenyewe. Nimeliweka kitabu kizima. Theta zimekaa sasa, nene kiasi, zimeegemea mstari. Sikutegemea kwamba ningependa herufi namna hii. Duara na mkanda katikati, basi. Lakini ukiitazama muda mrefu ina utulivu.

Ukurasa wa 171. Ile sura mbaya imekwisha. Pai imetoka kwenye pembetatu. Shangazi ameipungia mkono.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa wa 214, saa nane na nusu mchana. Ofisi ilipiga makofi. Theta za kweli zilikuwa 1,702. Zilizobaki, q za watu.

Mama Koma amesoma tena usiku wa jana sura sita, leo zilizobaki. Anasema haelewi kitu na hajaona kosa.

Kesho asubuhi tunachapa nakala tano. Saa tisa na nusu gari linaondoka. Shangazi amekwenda kununua viatu. Anasema hawezi kumpelekea mkaguzi kitabu kipya kwa viatu vya zamani.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa kasorobo. Naandika hapa kwenye meza ya kutilia majalada, kwa sababu sasa hivi sina ruhusa ya kugusa kitu chochote.

Mashine ilianza saa nne. Saa saba na nusu nakala tano zilikuwa zimeshonwa, zimetiwa jalada, zina joto bado. Shangazi alifungua ya juu, akainusa, akageuza. Akageuza. Akasimama kwenye sura ya tisa.

Kichwa cha sura: "Pembe ya", halafu kisanduku. Kisanduku kitupu, cha mistari minne, kama dirisha la nyumba isiyo na watu. Sura ya kumi na moja pia. Na ya kumi na mbili. Ndani ya maandishi theta ziko zote, nzuri. Kwenye vichwa vitatu, hakuna.

Nilijua kabla sijafika kwenye kompyuta. Vichwa ni vya herufi nzito, na fonti nzito ni faili lake la peke yake. Nililobadilisha Jumatano ni lile la kawaida. Fonti nzito haina 952. Kwenye skrini na kwenye prufu za printa ya ofisi, kompyuta iliniazimia kwa jirani, kama kawaida yake, na mimi sikutazama vichwa kwa sababu nilikuwa nikitazama theta elfu moja na mia saba za ndani. Mashine ya kuchapa haiazimi. Pasipo na picha inachora kisanduku na kuendelea.

Safari hii sikwenda kwenye ngazi. Nilisema pale pale, mbele ya Meneja, Mama Koma, fundi na Shangazi: ni mimi, sikukagua fonti nzito, na kuchapa upya na kushona kunataka saa tatu tusizokuwa nazo.

Fundi akatazama saa. Meneja akasema ziende hivyo hivyo, vichwa vitatu haviangushi kitabu, tutaandika barua ya kueleza. Mama Koma akasema mkaguzi akiona kisanduku kwenye kichwa hasomi barua.

Shangazi alikuwa amekaa na viatu vyake vipya. Akafungua pochi. Akapekua, akatoa miwani, akatoa leso, akatoa kalamu ya wino, ile nyeusi anayotumia kusaini ripoti za wanafunzi.

"Vitabu vitano mara vichwa vitatu," akasema.

"Kumi na tano," tukajibu wote, hata Meneja.

"Basi. Mnataka nini zaidi? Kompyuta imeniachia nafasi, na imeichorea na fremu."

Amesogeza taa. Amevua saa ya mkononi. Anaandika theta moja kwa wakati, bila haraka hata kidogo, duara kwanza, kisha mkanda kutoka kushoto kwenda kulia, na kila moja inakaa ndani ya kisanduku chake kama mtu aliyechungulia dirishani kuona nani anapita. Hazifanani na zile za ndani. Hazifanani hata zenyewe kwa zenyewe. Mama Koma anapepea kila ukurasa kwa jalada la faili ili wino ukauke. Fundi analeta kitabu kinachofuata na kukifungua panapotakiwa. Meneja amesimama mlangoni anamwambia dereva neno moja moja, dakika tano, dakika tano nyingine.

Saa tisa na dakika kumi. Ametimiza kumi.

Saa tisa na robo. Kumi na mbili. Dereva amepiga honi. Shangazi hakuinua kichwa.

Amefika kitabu cha tano. Amenyoosha vidole, ameniita kwa mkono ule ule anaowaitia wanafunzi ubaoni, na sasa amenigeuzia kalamu, upande wa kushika ukiwa kwangu. "Hizi tatu za mwisho andika wewe."

Nimemwambia nitaharibu.

Anasema najua, njoo.